Je, ni hofu ya Urusi iliyowapa Wamarekani Weusi haki zao?

Swali: "Shikamoo, Profesa. Ninafundisha Historia kidato cha tano na cha sita hapa Tabora. Tulipofika kwenye Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, darasa liligawanyika. Kundi moja linasema ubaguzi wa kisheria uliondolewa kwa sababu serikali ya Marekani iliona aibu mbele ya dunia, ikaogopa Urusi isije ikawavuta Waafrika na Waasia upande wake. Kundi la pili linasema kauli hiyo ni kuwadharau akina Martin Luther King waliopigwa na kufungwa. Nani yuko sahihi? Na sisi Waafrika tulikuwa na mchango wowote, au tulikuwa watazamaji tu?"

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Wanafunzi wako wamegusa jambo ambalo wanahistoria wamelibishania miaka mingi, na nimefurahi sana kwamba wameligusa wangali shuleni. Kundi la kwanza lina ushahidi, tena wa maandishi, kutoka ndani ya serikali yenyewe. Kundi la pili lina hoja nzito zaidi. Msimamo wangu ni huu: ushindani na Urusi uliifanya Washington isikie, lakini haukuifanya itende. Walioifanya itende ni watu waliokuwa barabarani, mahakamani na mahabusu. Kuna na upande wa tatu ambao makundi yote mawili yameusahau, nao ni kwamba ushindani huohuo ulitumika kuwafunga midomo Weusi waliodai zaidi ya kile serikali ilichokuwa tayari kutoa.

Tuanze na Februari 12, 1946. Siku hiyo Sajini Isaac Woodard, aliyekuwa amepigana Pasifiki, aliachishwa jeshi kwa heshima katika kambi moja jimbo la Georgia. Akiwa bado na sare yake akapanda basi kwenda kwa mkewe. Njiani alimwomba dereva asimame ajisaidie, wakajibizana. Basi lilipofika mji mdogo wa Batesburg, South Carolina, dereva akaita polisi. Woodard alipigwa rungu na kuharibiwa macho yote mawili. Asubuhi aliamka selo akiwa haoni kitu, na hakuona tena hadi kufa kwake. Mkuu wa polisi aliyempiga alishtakiwa katika mahakama ya shirikisho, na jopo la wazee wa baraza, Wazungu watupu, likamwachia huru kwa takriban nusu saa.

Rais Harry Truman alisimuliwa kisa hiki na viongozi wa NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za Weusi, mwezi Septemba mwaka huo. Desemba akaunda Tume ya Rais ya Haki za Kiraia. Ripoti ya tume ilitoka Oktoba 1947 ikiwa na sababu tatu za kuondoa ubaguzi: ya utu, ya uchumi, na ya sifa ya nchi duniani. Kwa hiyo ya tatu walinukuu barua ya Dean Acheson wa Wizara ya Mambo ya Nje, aliyesema wazi kwamba ubaguzi unaharibu uhusiano wa Marekani na mataifa mengine. Huo ndio ushahidi wa kundi lako la kwanza, na ni wa kweli.

Lakini watazame kilichotokea mwezi huohuo. W.E.B. Du Bois, msomi Mweusi mashuhuri, na wenzake wa NAACP walipeleka Umoja wa Mataifa malalamiko rasmi kuhusu hali ya Weusi wa Marekani. Wasovieti wakaunga mkono yajadiliwe. Marekani ikazuia. Kama aibu pekee ingetosha kuleta mabadiliko, pale ndipo ingeonekana; badala yake nguvu kubwa ilitumika kufunika chungu kuliko kukiosha.

Na jeshi je? Vitabu vingi huandika kwamba Truman aliondoa utengano jeshini kwa amri ya Julai 26, 1948, na kuishia hapo. Ongeza mambo mawili. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na kura za Weusi waliohamia miji ya kaskazini zilikuwa na uzito. Tena, miezi michache kabla, A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala ya treni, alikwenda mbele ya kamati ya Seneti akasema atawahimiza vijana Weusi wakatae kuandikishwa kwenye jeshi linalowatenga. Kwa serikali iliyokuwa inajiandaa kwa mvutano na Urusi, hilo lilikuwa tishio halisi. Utaona tangu hapo namna mambo haya mawili yanavyofanya kazi pamoja: Vita Baridi inampa Randolph mahali pa kubana, lakini anayebana ni Randolph.

Kisa cha Woodard kilimgusa mtu mwingine pia. Jaji Waties Waring, Mzungu wa South Carolina aliyesikiliza kesi ya yule mkuu wa polisi, alitoka mahakamani akiwa mtu mwingine. Mwaka 1951, katika kesi ya wazazi Weusi wa jimbo lake waliodai shule, aliandika hukumu ya kupingana na wenzake kwamba kutenganisha watoto kwa rangi ni kukosa usawa kwa asili yake. Kesi hiyo iliunganishwa na nyingine nne zikafika Mahakama ya Juu kwa jina la Brown. Desemba 1952 Wizara ya Sheria ya serikali ya Truman ikapeleka maoni yake: ubaguzi utazamwe ndani ya mapambano ya dunia kati ya uhuru na udikteta, maana unawapa Wakomunisti malighafi ya propaganda. Mei 17, 1954 mahakama ikaamua kwa kauli moja kwamba shule za umma zisitenganishwe kwa rangi, na redio ya Sauti ya Amerika ikaitangaza hukumu kwa lugha nyingi ndani ya saa moja. Hukumu yenyewe haikuitaja Urusi popote. Ilizungumzia watoto na jinsi utengano unavyowafanya wajione duni.

Wanafunzi wako watapenda mwaka 1957, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Septemba 4, Elizabeth Eckford, binti wa miaka 15, alifika peke yake Central High School, mji wa Little Rock, Arkansas. Wenzake wanane walikuwa wamekubaliana kukutana kwanza. Yeye habari haikumfikia. Askari waliowekwa na Gavana Orval Faubus wakamzuia kuingia. Akageuka, akatembea hadi kituo cha basi huku umati wa Wazungu ukimfuata nyuma na kumtukana. Picha ya binti yule mwenye miwani myeusi, amekumbatia vitabu, ilizunguka dunia nzima. Wiki tatu baadaye Waziri wa Mambo ya Nje, John Foster Dulles, alimwambia Mwanasheria Mkuu kwa simu kwamba jambo hili linaharibu siasa ya nje ya Marekani. Septemba 24 Rais Eisenhower akapeleka askari wa miamvuli wa Divisheni ya 101, na katika hotuba yake usiku ule akawaambia wananchi kwamba maadui wa taifa wanashangilia tukio hilo.

Siku kumi baadaye, Oktoba 4, Wasovieti wakarusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Redio Moscow ikawa inatangaza saa ambazo Sputnik itapita juu ya miji mbalimbali, na Little Rock ikawekwa kwenye orodha. Mwezi uleule Waziri wa Fedha wa Ghana, Komla Gbedemah, alinyimwa nafasi ya kukaa na kunywa juisi ya machungwa katika mgahawa mmoja mjini Dover, jimbo la Delaware. Alisema haelewi: Makamu wa Rais Nixon alikula chakula nyumbani kwake Ghana, yeye anakosaje kuhudumiwa njiani Marekani? Eisenhower akamwalika kifungua kinywa White House. Naye Louis Armstrong, mpiga tarumbeta ambaye serikali ilikuwa ikimtegemea kama balozi wa utamaduni, alikataa ziara ya kwenda Urusi kwa niaba yake kwa sababu ya namna watu wake walivyokuwa wakitendewa Kusini. Armstrong hakuwa mwanasiasa. Alijua tu kwamba wanamhitaji, akautumia uhitaji huo.

Na je, Little Rock ilipona? Mwaka wa masomo uliofuata, 1958 hadi 1959, Faubus alifunga shule zote za sekondari za umma mjini kuliko kuwaruhusu Weusi. Mwaka mzima. Kamera zilikuwa zimeondoka, na Ikulu haikurudisha askari.

Sasa nije kwenye kisa ambacho mimi hukitumia kila ninapofundisha somo hili, kwa sababu ndani yake hoja za makundi yako mawili zinapimwa kwa mizani moja. Ni kisa cha barabara, Route 40.

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Zote zilihitaji wawakilishi Umoja wa Mataifa, New York, na mabalozi Washington. Kati ya miji hiyo watu walisafiri kwa gari, na Route 40 ilipita Delaware na Maryland, majimbo ambako migahawa mingi ya barabarani haikuwahudumia Weusi. Juni 1961 Balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alikuwa njiani kwenda kukabidhi hati zake kwa Rais Kennedy. Akasimama mgahawani Maryland kuomba kahawa. Akafukuzwa. Mhudumu alieleza baadaye kwamba kwake yule alionekana Mweusi wa kawaida tu, hakujua ni balozi. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote, mwalimu. Kosa, kwa maelezo yake, lilikuwa kutomtambua mgeni. Kumfukuza Mweusi wa kawaida hakukuwa kosa.

Serikali nayo ilianza kwa fikra hiyohiyo. Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa na kitengo maalumu cha itifaki kilichoongozwa na Pedro Sanjuan, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwashawishi wenye migahawa wawapokee wanadiplomasia. Wengi wakakubali: balozi akija, karibu. Mzaliwa wa Maryland mwenye rangi ileile, hapana. Agosti 1961 waandishi watatu wa gazeti la Weusi la Baltimore, Afro-American, wakaamua kulifichua hilo. Walikodi mavazi ya kifahari na limuzini, wakajifanya wajumbe wa nchi isiyokuwepo duniani waliyoipa jina Goban, wakaanza kusimama mgahawa baada ya mgahawa. Mahali ambapo kwa nguo zao za kila siku wangefukuzwa, kadhaa walikaribishwa wakala.

Hapo vijana wa CORE, shirika lililokuwa limetoka kuendesha Safari za Uhuru kule Kusini, ambamo Weusi na Weupe walipanda mabasi pamoja kupinga utengano, wakatangaza kwamba Novemba wataijaza Route 40 kwa magari ya watu wa kujitolea, Weusi na Weupe, wakae migahawani hadi wahudumiwe au wakamatwe. Kabla ya siku kufika, karibu nusu ya migahawa iliyolengwa ikakubali kuhudumia kila mtu. Iliyokataa ikafuatwa wiki zilizofuata. Sanjuan naye alikuwa ameanza kulisukuma bunge la Maryland litunge sheria kwa wote, si kwa wageni pekee, na namheshimu kwa hilo. Sheria ya kwanza ikapita 1963, ingawa kwa sehemu tu ya jimbo. Ukiwauliza wanafunzi wako hofu ya Urusi ilifanya nini kwenye barabara ile, jibu liko wazi: ilimpatia kahawa balozi. Raia wa kawaida alipatiwa na wale waliokuwa tayari kukaa chini na kukamatwa.

Nilikuahidi upande wa tatu, na huu naomba usiuruke hata kama mtihani hauulizi. Katika miaka hiyohiyo Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji maarufu, alinyang'anywa pasipoti mwaka 1950 kwa sababu alizungumzia ubaguzi ughaibuni na hakuficha urafiki wake na Urusi. Alirudishiwa 1958. Du Bois, yule wa malalamiko ya 1947, alishtakiwa 1951 akiwa na umri wa miaka 82, eti wakala wa dola ya kigeni, kwa sababu ya kampeni yake ya kupinga silaha za nyuklia. Mahakama ilimwachia, lakini serikali ikamzuia kusafiri miaka kadhaa. Alifia Accra, Agosti 27, 1963, siku moja kabla ya maandamano makubwa ya Washington. Shirikisho la wafanyakazi la CIO lilivifukuza vyama 11 katika 1949 na 1950 kwa madai ya Ukomunisti, na kati ya vyama hivyo vilikuwamo baadhi ya vile vilivyotangulia kuwaunganisha wafanyakazi Weusi na Weupe. NAACP nayo ikaanza kuwasaka wenye mrengo wa kushoto ndani yake ili isipigwe mhuri uleule. Kule Kusini wanasiasa wakajifunza haraka: ukitaka kumzima mdai haki, mwite Mkomunisti. King mwenyewe simu zake zilisikilizwa na FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, kwa kibali cha Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu, kuanzia Oktoba 1963.

Matokeo yake ni makubwa kuliko mateso ya mtu mmojammoja. Dai la kura na la kuketi mgahawani liliweza kuelezwa kama Uamerika halisi, likapita. Dai la kazi, ujira, nyumba na ugawaji wa mali lilinuka Ujamaa, likakwama. Nyumba ndiyo jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 1956 Marekani ilianza mtandao wa barabara kuu za shirikisho uliopewa jina la barabara za majimbo na ulinzi, na barabara hizo zikapitishwa katikati ya mitaa ya Weusi: Overtown kule Miami, Rondo kule St. Paul. Familia zilizolipwa kidogo na kuondolewa hazikuwa na habari ya kutangazwa Moscow. Hakuna balozi aliyefukuzwa pale.

Sasa swali lako la pili, la Waafrika. La, hatukuwa watazamaji.

Mei 1963, huko Birmingham, Alabama, maelfu ya watoto wa shule walitoka makanisani kuandamana, na polisi wa Bull Connor, kamishna wa usalama wa mji huo, wakawafungulia mbwa na mabomba ya maji ya zimamoto. Wiki chache baadaye, Mei 22, marais na mawaziri wakuu wa Afrika wakakutana Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mei 23 Milton Obote, Waziri Mkuu wa Uganda, aliandika barua ya wazi kwa Kennedy. Alisema wale wanaopigwa kwa maji yenye nguvu ya kubandua magome ya miti, na kufunguliwa mbwa wakali, ni ndugu zetu wa damu. Akasema ni ajabu kubwa mambo hayo kutokea katika nchi inayotaka kujionyesha duniani kuwa kielelezo cha demokrasia. Azimio la mkutano lilikuwa la upole kuliko barua ya Obote: lilieleza wasiwasi mkubwa juu ya ubaguzi na papo hapo likashukuru juhudi za serikali ya shirikisho. Washington ilipumua, lakini ilikuwa imesikia.

Juni 11 Kennedy akazungumza na taifa kwenye televisheni. Alisema Marekani iko katika mapambano ya dunia nzima ya kuwalinda wanaotaka uhuru, na kwamba wanapopelekwa askari Vietnam au Berlin Magharibi hawatakiwi Weupe peke yao. Lakini hapohapo alisema suala hili kwanza ni la utu, la kale kama maandiko matakatifu. Usiku uleule, muda mfupi baada ya saa sita, Medgar Evers, kiongozi wa NAACP huko Mississippi, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake. Alikuwa amepigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, na mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa 1953, alimwita Darrell Kenyatta, kwa heshima ya mzee aliyekuwa kifungoni wakati ule kwa amri ya Waingereza. Sipati ushahidi mzuri kuliko huo kwamba macho yalitazama pande zote mbili za bahari.

Sheria ya Haki za Kiraia ilipita Julai 2, 1964, baada ya maseneta wa Kusini kuizuia kwa hotuba za mfululizo kwa zaidi ya miezi miwili. Mwezi huohuo Malcolm X, kiongozi Mweusi mwenye msimamo mkali, alikuwa Cairo, akiwaomba wakuu wa Afrika waipeleke kesi ya Weusi wa Marekani Umoja wa Mataifa. Azimio walilolipitisha liliipokea sheria mpya kwa kuridhika, huku likisema ubaguzi bado unawasikitisha sana. Oktoba alifika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikafuata Agosti 6, 1965, miezi mitano baada ya waandamanaji waliodai kura kupigwa kwenye daraja la Selma, Alabama, na siku tano baada ya kusainiwa, mtaa wa Watts huko Los Angeles ukalipuka kwa ghasia zilizoua watu 34. Watts walikuwa na kura tayari. Walichokuwa wamekosa ni ile sehemu iliyokwama: kazi, nyumba, polisi wa haki. King alipouunganisha umaskini huo na vita ya Vietnam, katika hotuba yake ya Aprili 4, 1967 New York, magazeti makubwa yalimshambulia na uhusiano wake na Rais Johnson ukafa.

Kwa darasa lako la wiki ijayo, ningekushauri usiwape mhadhara. Wape barua ya Obote ya Mei 23 na hotuba ya Kennedy ya Juni 11, waziweke meza moja. Siku 19 zimepita kati yake. Wapigie mstari kila mahali Kennedy anapotaja dunia ya nje, kisha kila mahali anapotaja watu walio mitaani nyumbani kwake, wahesabu, halafu uwaache wabishane upya.